Nani Alimkimbiza Majeruhi Hospitali?

Sisi tunaoandika habari za ajali tuna sentensi moja ambayo tukinyang'anywa leo, kesho hatuna kazi. "Majeruhi walikimbizwa hospitali." Fungua gazeti la Jumatatu utaikuta imekaa pale kwenye aya ya tatu. Basi limeacha njia, lori limeparamia daladala, bodaboda kaingia chini ya Fuso, na majeruhi wakakimbizwa hospitali. Nukta. Mhariri haulizi kitu, msomaji haulizi kitu, na mwandishi anahamia kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, ambaye anathibitisha kutokea kwa ajali hiyo na kutaja chanzo kuwa ni mwendo kasi.

Hebu leo tuulize. Nani aliwakimbiza? Kwa gari gani? Alikaa mbele na dereva au alikaa nyuma na majeruhi? Njiani aliwafanyia nini? Kati ya barabarani na mlango wa hospitali kuna dakika ishirini, pengine saa mbili, na mara nyingi ndizo zinazoamua kama mtu atarudi nyumbani au ataishia mochwari. Sentensi yetu inazimeza zote kwa kitenzi kimoja.

Kuna nchi zenye kazi maalumu kwa ajili ya dakika hizo. Anayeifanya anaitwa paramediki. Si daktari, si nesi, na si dereva tu. Ni mtu aliyesomea kumhudumia mgonjwa palepale alipoangukia, na kuendelea kumhudumia gari likiwa linatembea. Wengi wetu tumewaona kwenye filamu za Marekani wakishuka mbiombio na mabegi yao, tukadhani kazi hiyo ni ya kale kama udaktari wenyewe. Sivyo. Kwa sura tunayoijua ni kazi changa, ina umri wa miaka sitini hivi, na walioianza si wale tuliowaona kwenye filamu. Nataka tuipitie historia yake, kwa sababu naona ina jambo la kutuambia sisi huku ambako gari la wagonjwa bado ni kitu cha kusubiri kwa bahati.

AMBULENSI YA MWENYE JENEZA

Twende Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 60. Taifa hilo lilikuwa linajiandaa kupeleka watu mwezini. Lakini ukianguka barabarani, aliyekuja kukuchukua mara nyingi alikuwa mwenye kampuni ya mazishi. Sababu ni rahisi: gari lake la kubebea maiti ndilo lililokuwa refu kiasi cha kumlaza mtu. Mwaka 1966 Akademia ya Taifa ya Sayansi ya huko ilitoa ripoti ambayo mpaka leo watu wa fani hii wanaitaja. Ilieleza kwamba karibu nusu ya huduma za ambulensi nchini ziliendeshwa na wenye kampuni za mazishi wapatao 12,000. Fikiria hapo. Mtu yuleyule ana chake ukipona, na ana chake usipopona.

Ripoti hiyo ilisema kuwa mwaka 1965 ajali ziliwajeruhi Wamarekani milioni 52, zikaua 107,000, na zikawaacha wengine 400,000 na ulemavu wa kudumu. Kisha ikataja jambo lililowachoma wengi: kwa maoni ya wataalamu waliorudi kutoka vitani, mtu akijeruhiwa vibaya alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupona akiwa uwanja wa mapambano kuliko akiwa mtaani kwao. Jeshini kulikuwa na askari wa tiba waliofundishwa, na helikopta. Mtaani kulikuwa na machela na dereva.

Wakati huohuo, mjini Belfast, Ireland ya Kaskazini, daktari wa moyo aitwaye Frank Pantridge alikuwa anasumbuliwa na swali la aina hiyohiyo. Aligundua kuwa watu wengi wanaokufa kwa shambulio la moyo wanakufa katika saa za mwanzo, kabla hawajafika hospitali. Basi wodi ya moyo, hata iwe nzuri kiasi gani, inawahudumia wale ambao tayari wamebahatika. Akaamua wodi imfuate mgonjwa. Mashine ya kushtua moyo ya wakati ule ilikuwa kitu cha kukaa ukutani; yeye na wenzake wakatengeneza moja inayotumia betri za gari, yenye uzito wa kilo 70 hivi, wakaipakia kwenye ambulensi. Mwaka 1966 gari likaanza kazi, na mwaka 1967 matokeo yake yakachapishwa kwenye jarida la Lancet. Ulimwengu wa tiba ukashtuka.

Lakini ndani ya gari la Pantridge alikuwamo daktari. Hapo ndipo penye mtego. Ni mji gani una madaktari wa kutosha kiasi cha kuwakalisha kwenye magari wakisubiri simu? Likabaki swali zito ambalo madaktari wengi hawakutaka kulisikia: je, inawezekana kumfundisha mtu asiye daktari afanye kazi hiyo? Amshtue mtu moyo, amchome sindano, amwekee mpira wa kupitisha hewa kooni, barabarani, bila daktari kumsimamia begani?

VIJANA WA KIJIWENI PITTSBURGH

Jibu mojawapo la mwanzo kabisa lilitoka mahali ambapo hakuna aliyepatarajia. Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, ulikuwa mji wa viwanda vya chuma. Katikati yake kuna eneo linaloitwa Hill District, ambalo wakati huo wakazi wake wengi walikuwa weusi na wengi wao hawakuwa na ajira. Mjini hapo ambulensi ilikuwa kazi ya polisi. Mgonjwa aliwekwa nyuma ya karandinga, lilelile la kubebea watuhumiwa, na mara nyingi polisi wote wawili walikaa mbele. Nyuma alibaki peke yake na machela yake. Na kwa mtu mweusi wa Hill, kumpigia simu polisi hata kwa ajili ya mgonjwa halikuwa jambo la kukimbilia.

Novemba 1966 mfumo huo ulimkuta mkubwa. David Lawrence, aliyewahi kuwa meya wa Pittsburgh na gavana wa Pennsylvania, alianguka jukwaani akihutubia mkutano wa kampeni. Polisi wakambeba. Moyo wake ulirudishwa, lakini ubongo wake ulikuwa umeshaharibika, na wiki mbili na ushee baadaye akafariki. Waswahili tunajua kwamba kuna matatizo ambayo hayaitwi matatizo mpaka yamfike mwenye nafasi.

Katika mji huo aliishi daktari wa usingizi aitwaye Peter Safar, mzaliwa wa Vienna. Huyu si mtu mdogo. Ni miongoni mwa watafiti ambao kazi zao za miaka ya 50 zilituletea ule utaratibu wa kumpulizia mtu pumzi kinywani na kumsukuma kifua moyo ukisimama. Mwaka huohuo wa 1966, Safar alimpoteza binti yake mdogo baada ya shambulio la pumu. Mwanasayansi aliyeufundisha ulimwengu namna ya kurudisha pumzi hakuweza kuiokoa ya mwanawe. Baada ya hapo alizamia kwenye swali la nini kinatokea kabla ya hospitali. Akachora mpango: gari lenye nafasi ya kumhudumia mtu, vifaa ndani yake, na watu waliofundishwa kweli.

Watu hao walipatikana kwa njia ya ajabu. Mkuu wa mfuko mmoja wa misaada, Phil Hallen, alitaka kuanzisha huduma ya ambulensi itakayotoa pia ajira kwa weusi. Pale Hill kulikuwa na taasisi ya wakazi wenyewe iitwayo Freedom House. Pande hizo mbili zikaungana na Safar, na mwaka 1967 wakaanza kuwafundisha vijana ambao jamii ilikuwa imeshawaandika kuwa hawaajiriki. Wengine hawakumaliza sekondari. Wengine walikuwa wametoka Vietnam. Wengine walikuwa na kesi za zamani. Kwa lugha yetu ungesema ni vijana wa kijiweni.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana ni rahisi kuibeba hadithi hii vibaya. Safar hakuwapa semina ya siku mbili na kofia. Aliwapa saa 300 za masomo, kiwango ambacho wabeba wagonjwa wa Marekani wakati huo hawakuwa wamekiona hata kwenye ndoto. Walisoma mwili wa binadamu na namna unavyofanya kazi. Waliingia vyumba vya upasuaji. Walijifunza kuendesha gari kwa usalama. Mwaka 1968 wakaanza kazi, na mwaka wa kwanza tu waliitikia miito karibu 6,000. Ikafika mahali polisi wakiitwa kwa mgonjwa, watu wanasema hawataki karandinga, wanataka Freedom House.

Wengi wanaoijua historia ya paramediki wanakumbuka majina mengine: wazimamoto wa Miami waliofundishwa na daktari Eugene Nagel kutuma mchoro wa mapigo ya moyo kwa redio, mpango wa Medic One ulioanza Seattle mwaka 1970, na California ambako mwaka huohuo gavana Ronald Reagan alisaini sheria ya kuwaruhusu wazimamoto kutoa tiba. Wote wana haki ya kukumbukwa. Lakini mwaka 1972, televisheni ya Marekani ilipoanza kuonyesha tamthilia maarufu iitwayo Emergency!, mashujaa wake walikuwa wazimamoto weupe wa Los Angeles. Vijana wa Hill walikuwa na miaka minne barabarani tayari.

Mwaka 1974 hivi, Freedom House ilipata msimamizi mpya wa tiba, daktari mwanamke aitwaye Nancy Caroline. Alipanda magari pamoja nao, akasahihisha makosa yao, na alichojifunza kule akakiingiza kwenye mtaala wa kwanza wa taifa wa paramediki. Kitabu chake cha kufundishia, Emergency Care in the Streets, kinaendelea kuchapishwa na kusomwa mpaka leo. Kwa hiyo ukimwona paramediki wa Marekani akifanya kazi yake, sehemu ya mazoea yake ina asili kwenye vichochoro vya Hill District.

OKTOBA 1975

Sasa sikiliza mwisho wake. Huduma ilipong'ara, vitongoji vya weupe vikaanza kuuliza kwa nini Hill wana ambulensi bora kuliko wao. Swali la haki kabisa. Jibu la jiji halikuwa kuikuza Freedom House ifike kila mahali. Jiji lilianzisha idara yake ya ambulensi, na Oktoba 1975 Freedom House ikafungwa.

Wafanyakazi wake walihamishiwa idara mpya, na hapo wakakutana na mitihani mipya na masharti mapya. Wenye kesi za zamani wakaondolewa. Waliobaki wakajikuta chini ya mabosi wenye uzoefu mdogo kuliko wao, wengine wakawekwa pembeni wasimguse mgonjwa. Mmoja mmoja wakaacha. Miaka ikapita na idara ikawa karibu yote ya weupe. Mmoja wa waliong'ang'ania ni John Moon, aliyekuwa mbeba wagonjwa hospitalini kabla ya kujiunga na Freedom House. Alipanda mpaka kuwa naibu mkuu wa huduma hiyo ya jiji, akapigania kuajiriwa kwa weusi, na akastaafu mwaka 2009.

Nimeieleza kwa kirefu kwa sababu haya siyo mambo ya rangi peke yake. Kazi ikiwa ya shida na haina jina, inafanywa na yeyote. Ikipata jina, mshahara na sare, linawekwa geti, na mara nyingi wanaobaki nje ya geti ni walewale walioianza. Sisemi geti lisiwepo. Hakuna anayetaka mikono isiyojua kazi kwenye koo la mama yake. Swali ni geti linapima nini: linapima uwezo, au linapima mtu ametoka wapi?

UTAFITI UNASEMA NINI

Kuna jambo jingine linalonifanya niiheshimu fani hii: imekubali kujichunguza yenyewe, na mara kadhaa majibu yameiumbua.

Chukua dripu. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba mtu aliyevuja damu nyingi aongezewe maji ya mshipa haraka, palepale barabarani. Inaingia akilini, si ndiyo? Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti wa Houston, Texas, juu ya majeruhi 598 waliopigwa risasi au kuchomwa kisu kifuani na tumboni. Wale walioanza kupewa maji mapema, 62 kati ya kila 100 walipona. Wale ambao maji yalicheleweshwa mpaka wafike chumba cha upasuaji, 70 kati ya kila 100. Maji yanapandisha shinikizo la damu, na shinikizo likipanda bomba lililotoboka linavuja zaidi. Kwa majeruhi wa aina hiyo, kilichohitajika ni kisu cha daktari wa upasuaji, upesi.

Mwaka 2004 ukatoka utafiti wa Ontario, Kanada, uliohusisha miji 17 na wagonjwa 5,638 ambao mioyo yao ilisimama nje ya hospitali. Miji hiyo tayari ilikuwa na mashine za kushtua moyo zinazofika haraka. Ikaongeza paramediki wa ngazi ya juu, wenye sindano na mipira ya koo. Waliopona na kutoka hospitali walikuwa asilimia 5.0 kabla, na asilimia 5.1 baada. Yaani hakuna tofauti. Kilicholeta tofauti kilikuwa kitu cha bei rahisi: kama mtu aliyekuwa karibu alianza kusukuma kifua, na kama moyo ulishtuliwa mapema. Seattle walikuwa wamelielewa hilo mapema. Tangu mwanzo wa miaka ya 70 walianza kuwafundisha raia wa kawaida kusukuma kifua, na mji huo ukapata sifa ya kuwa miongoni mwa sehemu bora duniani kwa mtu kuanguka na kupona.

Kisha kuna adrenalini, dawa iliyotumika kwa miongo mingi kuuamsha moyo uliosimama. Hakuna aliyekuwa na ushahidi mkubwa wa uhakika. Waingereza wakathubutu kuujaribu. Paramediki wa huduma tano za ambulensi walibeba vifurushi vinavyofanana. Ndani ya kimoja mlikuwa na adrenalini, ndani ya kingine maji ya chumvi, na aliyechoma hakujua anachoma kipi. Matokeo ya wagonjwa 8,014 yalitoka mwaka 2018. Waliokuwa hai baada ya siku 30 walikuwa asilimia 3.2 kwa waliopata dawa na asilimia 2.4 kwa ambao hawakupata. Dawa imeshinda basi? Subiri. Kati ya waliopona kwa dawa, asilimia 31 walitoka hospitali na madhara makubwa ya ubongo. Upande wa pili walikuwa asilimia 17.8. Dawa inaurudisha moyo, lakini haimrudishi mtu kila mara.

Utafiti huo ulizua mjadala mkali wa maadili, na ni haki uzuke. Mtu aliyezimia haombwi ridhaa. Watafiti walitangaza kwa umma, wakatoa bangili kwa wale wasiotaka kuhusishwa, na kuwafuata waliopona au ndugu zao baadaye. Je, inatosha? Wengine wanasema hapana. Lakini nauliza upande wa pili: je, ni uadilifu zaidi kumchoma mtu dawa kwa miaka hamsini bila kujua inamfanyia nini?

Na haya yote si kusema kwamba dawa hazina maana. Mwaka 2010 ulitoka utafiti mkubwa wa majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40, juu ya dawa ya kuzuia damu kuvuja iitwayo asidi ya traneksamiki. Ni dawa ya bei nafuu, na ilipunguza vifo. Sharti ni moja: itolewe ndani ya saa tatu. Ikichelewa zaidi ya hapo, uchambuzi uliofuata ulionyesha inaweza hata kudhuru. Kwa hiyo tunarudi palepale. Dakika. Na nani yupo karibu dakika hizo zikiwa zinakatika.

NA SISI HUKU?

Yule Nancy Caroline wa Pittsburgh ana uhusiano na kwetu. Katika miaka ya 80 alikuja Nairobi kufanya kazi na AMREF, shirika lililoanza mwaka 1957 kama madaktari wanaoruka kwa ndege ndogo. Lakini ndege haiwezi kutua kwenye kila mtaa, na Afrika Mashariki kwa miongo mingi anayembeba majeruhi amekuwa yeyote aliyepita: dereva wa teksi, pikapu ya nyanya, difenda ya polisi, bajaji, bodaboda. Mgonjwa katikati, ndugu nyuma amemshikilia asianguke.

Wapo waliolichukulia hilo kama mtaji badala ya aibu. Ghana walifundisha madereva 335 wa magari ya biashara huduma ya kwanza. Kampala, Uganda, watafiti waliwafundisha watu zaidi ya 300: polisi, madereva wa teksi, viongozi wa mitaa. Walipofuatiliwa miezi sita baadaye, wengi walikuwa wameshatumia walichofundishwa, hasa kuzuia damu kuvuja na kumlaza mtu vizuri. Na Tanzania tuna m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mjamzito akipata dharura, simu inapigwa 115 bila malipo, na kama ambulensi haipo karibu anatumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye analipwa kwa simu akishamfikisha. Tazama lilivyo wazo: hawakusubiri magari ya wagonjwa yajae nchini. Wamewachukua madereva waliopo wakawaingiza kwenye utaratibu.

Lakini usafiri ni nusu ya safari. Yule dereva hakufundishwa saa 300. Na mwisho wa safari lazima kuwe na mtu. Muhimbili, hospitali yetu ya taifa, ilifungua idara yake kamili ya tiba ya dharura Januari 2010, na mwaka huohuo yakaanza mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo. Hapo kabla, ubingwa wa dharura kwetu haukuwapo.

Kenya wana fundisho lao. Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Maneno mazuri mno. Oktoba 2015 mwanamume mmoja aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi takribani saa 18 jijini Nairobi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na akafariki. Ambulensi ilikuwepo, mlango wa hospitali haukufunguka. Paramediki ni daraja, na daraja halina maana kama ng'ambo ya pili hakuna nchi kavu.

Kwetu kuna na lile la PF3. Kwa miaka mingi majeruhi ametakiwa kuwa na fomu ya polisi, na ingawa viongozi wamerudia kusema mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza na fomu ifuate, woga wa karatasi haujaisha mitaani. Dereva anamwona mtu anavuja damu, anapiga hesabu: nitaulizwa, nitaandikishwa maelezo, pengine nitaambiwa mimi ndiye niliyemgonga. Anapandisha kioo. Huyo tusimlaumu kwa roho mbaya kabla hatujampa kinga ya sheria.

Tunakokwenda, kazi hii itakuwa taaluma kamili kwetu pia, na ni vizuri iwe. Uingereza tangu mwaka 2018 wapo paramediki wanaoruhusiwa kuandika dawa wenyewe, na tangu 2021 kiwango cha kuingilia kazi hiyo ni shahada. Nasi tutafika kwenye mabaraza, usajili, leseni na shahada. Hofu yangu ni kwamba tutaanzia huko juu. Tutatengeneza shahada nzuri, watoto wetu wenye alama nzuri wataichukua, watapata ajira kwenye hospitali za mijini au watapanda ndege kwenda Ulaya, na kule Chalinze usiku wa manane atakayefika wa kwanza atakuwa yuleyule kijana wa bodaboda, bila glovu, bila kujua hata mahali pa kukandamiza.

Pittsburgh haikutufundisha kwamba yeyote anaweza kuifanya kazi hii. Ilitufundisha kwamba yeyote anaweza kufundishwa, mradi anayefundisha hapunguzi kiwango na anayefundishwa hadharauliwi. Safar angeweza kuwapa vijana wale masomo mepesi kwa kisingizio cha elimu yao ndogo. Aliwapa magumu, wakayaweza. Kosa la jiji halikuwa kudai viwango. Kosa lilikuwa kuvigeuza viwango kuwa fagio.

Basi kama kuna mtu Wizarani anaandika mtaala wa kazi hii, ombi langu ni dogo. Aweke ngazi ya chini kabisa inayomfaa dereva na kijana wa kijiweni, na aache mlango wa kupandia mpaka juu: anayeanza kwa kukandamiza jeraha aweze, kwa kusoma na kufaulu, kufika mpaka kwenye shahada. Saa alizokaa barabarani zihesabiwe. Na glovu mbili zisiwe kitu cha kuomba.

Wadau, mnasemaje? Naomba kutoa hoja.